Betri Isiyochoka: Nilivyofundisha Umeme kwa Laptopu Moja

Darasa langu la Fizikia Kidato cha Tatu lina wanafunzi 58, na ammita (vipima mkondo wa umeme) nzima maabara ni mbili. Miaka yote mada ya umeme ikifika nilichora sakiti ubaoni, wao wakanakili, tukasonga mbele. Fomula waliziandika bila kosa. Lakini mwulize mmoja mkondo unakwenda wapi ukishapita kwenye balbu, anakutazama tu.

Mwalimu mwenzangu wa Kemia ndiye aliyenipa flashi yenye programu za PhET, yaani majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kompyuta. Zinatengenezwa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani; mradi ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Mimi Nobel haikunibabaisha. Nilichopenda ni kwamba ni za bure, na nyingi ukishazipakua zinafunguka kwenye kivinjari bila intaneti, hata kwenye simu. Bando natoa mfukoni mwangu, kwa hiyo hilo si jambo dogo.

Kipindi cha kwanza niliharibu. Niliazima projekta, tukaziba madirisha kwa kanga, nikaanza maonyesho. Nilipounganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu, betri ikawaka moto pale ukutani. Darasa zima likapiga kelele: "Ticha, rudia!" Nikarudia mara nne, nami nikafurahi kama mtoto. Kesho yake nikauliza kwa nini iliungua. Kimya. Walikuwa wameangalia sinema.

Wiki iliyofuata nikaweka sharti: kabla sijagusa chochote, kila mtu aandike ubashiri wake daftarini, kwa kalamu ya wino, hakuna kufuta. Nikaweka betri ya volti 9 na balbu ya omu 10. Ammita ikasoma ampea 0.90. Je, nikiongeza balbu nyingine kama hiyo katika mfululizo, yaani moja baada ya nyingine kwenye njia moja, ammita itasoma ngapi kabla ya balbu ya kwanza, na ngapi baada ya ya pili?

Karibu nusu ya darasa waliandika kwamba baada ya balbu ya pili itasoma kidogo zaidi, maana ya kwanza "imeshakula." Binti mmoja alitetea hoja hiyo kwa mfano wa bomba la mtaani kwao: wa mbele kwenye foleni anajaza ndoo, wa mwisho anaambulia matone. Mfano mzuri, na ndiyo maana kuung'oa ni kazi. Nikamwita aje aweke ammita mwenyewe. Mbele, 0.45. Katikati, 0.45. Mwisho, 0.45. Akaiondoa, akairudisha. Kisha akavitazama vile vidoti vya buluu, elektroni, vikitembea mwendo mmoja mzunguko mzima. "Kumbe zinatembea zote pamoja," akasema. Hapo ndipo nilipoweza kueleza kwamba balbu inachukua nishati, haizili elektroni.

Siku hiyohiyo umeme ukakatika, katikati ya kipindi cha umeme, wakanicheka hadi kengele.

Sikutaka waishie ukutani. Nikanunua betri mbili za tochi na balbu zake, tukaingia maabara kwa makundi. Voltimita ilisoma volti 3.0 kabla ya kuwasha. Balbu ilipowaka ikashuka hadi 2.6. Kwenye laptopu betri ilibaki 9.0 muda wote. Kijana mmoja wa nyuma akaniuliza, "Mwalimu, sasa inayodanganya ni ipi?"

Nilifungua tena ile sakiti ya balbu moja na kuwaonyesha sehemu ya kurekebisha ukinzani wa ndani wa betri, yaani jinsi betri yenyewe inavyozuia mkondo, ambao siku zote ulikuwa sifuri. Nikausogeza hadi omu 2. Volti zikashuka kutoka 9 hadi 7.5. Nilipogeuka kueleza, wengi walikuwa wameinama, wanaandika ubashiri wa omu 4.