Namna tulivyokirudisha kiwanja cha mtaani kwetu

Niliporwa simu usiku mmoja wa mwezi wa Shaaban, hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu, kwenye kichochoro kinachoingia kiwanja chetu cha wazi huku Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Nilikuwa natoka kumwangalia mama yangu mkubwa, alikuwa hajiwezi kwa homa. Taa ya ukutani ilikuwa imekufa miezi. Sikumwona mtu. Nilisikia raba zikigeuka kwenye mawe, kisha mkono. Simu ilikwenda na picha za marehemu baba ambazo sikuwa nazo pahala pengine.

Kituoni walinipokea vizuri, nikaandikisha, nikapewa namba. Siku ya tatu doria ikapita mtaani. Ikawakuta vijana wetu wanacheza dhumna barazani, ikawatawanya na kuwaambia ikifika saa nne asionekane mtu. Waliopora hawakuwa wao, mtaa mzima ulijua. Hilo liliniuma kuliko simu.

Mimi nimezaliwa Mji Mkongwe. Baraza ile ya mawe iliyoungana na ukuta wa nyumba ndiyo sebule yetu ya nje. Hapo mgeni mwanamume anapokewa bila ya kuwasumbua walio ndani, hapo kahawa inanywewa, hapo habari ya msiba inafika kabla ya jeneza kutoka. Ukimwinua mtu barazani usiku, umeondoa jicho.

Ramadhani iliyofuata ndiyo iliyonionesha jambo lenyewe. Baada ya tarawehe watu walijaa kiwanjani. Watoto wanakimbizana, mzee wa kahawa amepanga vikombe vyake, kina mama tumekaa vizingitini na taa za kuchaji, mpaka karibu na daku. Mwezi mzima hakuibiwa mtu hata kandambili. Taa ya ukutani ilikuwa imekufa vilevile na kichochoro kilikuwa kilekile. Kilichoongezeka ni watu. Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ulipoingia kila mtu akarudi ndani kwake, na wiki ya pili tu mgeni mmoja akaporwa mkoba palepale.

Basi nikaanza kuhangaika. Ofisi ya kwanza iliniambia taa si zao. Ya pili ikasema fundi yupo ila gari la ngazi bovu. Ya tatu ilitaka barua, nikapeleka, ikapotea. Miezi miwili imekwenda hivyo, na sehemu ya kosa ilikuwa ni kutojua nani ana nini. Kwa wasiokaa Zanzibar nieleze kidogo. Sheha, anayesimamia shehia, yaani eneo dogo la utawala, hapigiwi kura kama mwenyekiti wa mtaa kule Bara. Anateuliwa na mkuu wa mkoa. Diwani ndiye wa kura. Polisi ni chombo cha Muungano, manispaa iko chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Juu ya hapo, Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985, na tangu 2000 umo katika urithi wa dunia wa UNESCO, kwa hiyo hata kutoboa ukuta wa nje utundike taa yako mwenyewe kunataka ruhusa. Ukuta mmoja wa kwetu unaweza kuwa na wenyewe wanne: wa nyumba, wa taa, wa taka na wa mwizi.

Aliyenifungulia njia ni sheha. Nilimwendea asubuhi mapema kabla foleni ya watu wanaotaka barua haijakusanyika. Akanisikiliza, akaniambia: "Mwanangu, usiende tena kwa mdomo. Andika barua moja, mimi niipitishe, wote wapate nakala. Na kila unapoiacha, wakugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Pasipo muhuri hukwenda."

Nikaiandika. Ukurasa mmoja na nusu, bila ya kumlaumu mtu. Nilitaja kiwanja kilipo, taa iko ukuta upi, tarehe za matukio matatu ya uporaji, na maombi mawili tu: taa iwake, na tukae pamoja kuzungumzia ulinzi. Kisha siku nne mfululizo, baada ya laasiri, nikapita nyumba kwa nyumba kutafuta saini. Nyumba ishirini na mbili zilitia mkono, wazee watatu kwa dole gumba. Nikazipeleka nakala maofisini, nikarudi na mihuri mitatu, nikaiweka nakala yangu kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vya watoto.

Kikao niliomba kifanyike barazani, baada ya Isha. Ofisini vijana wasingekuja, na waliokuwa wanazungumzwa ni wao. Sheha alikuja, diwani alikuja, polisi wa shehia naye alikuja. Vijana sita walisimama wameegemea ukuta, mikono nyuma, kama watu wanaosubiri hukumu. Afande aliuliza swali ambalo mimi naliona la haki kabisa: "Saa tano usiku, gizani, nitamjuaje mkaazi na asiye mkaazi?"

Mzee wa kahawa akamjibu huku anamimina. "Afande, kaa hapa siku tatu unywe kahawa. Utatujua sote, na utamjua asiyekuwa wetu."

Mara dirisha la juu likafunguka. Mama yangu mkubwa, aliyekuwa hajashuka ngazi tangu homa ile, akatoa kichwa na mtandio wake, akaanza kuwataja mmoja mmoja: huyu wa fulani, huyu mjukuu wa fulani, "na huyo mrefu, mamake nimemkanda mimi siku arubaini alipomzaa." Yule mrefu akainamisha uso. Afande akavua kofia, akasema, "Shikamoo bibi." Toka hapo mazungumzo yakawa mazungumzo.

Tulikubaliana vijana waandikwe kwenye daftari la sheha kwa majina na simu zao, na wao wapewe namba ya polisi wa shehia. Wakae barazani mpaka saa sita, bila ya muziki mkubwa na bila ya bangi. Vespa na pikipiki zisiegeshwe tena kwenye mdomo wa kichochoro, maana mgonjwa akibebwa hapati pa kupita. Wakimwona mtu wanayemshuku, wapige simu, asipigwe. Hilo la mwisho nililishikilia mimi, na baadhi ya wazee walinuna. Lakini mimi niliyeporwa nasema siitaki simu yangu irudi kwa damu ya mtoto wa mtu.

Afande alikuja kweli kunywa kahawa, jioni mbili, hana sare.

Taa ilichukua wiki tano zaidi. Nilikwenda kila Jumatatu na nakala yangu, nikaonesha muhuri na tarehe, nikauliza kwa adabu, nikaondoka. Siku moja mafundi wawili wakatokea na ngazi ya mbao mabegani, wakabadilisha kichwa cha taa na kipande cha waya. Nusu saa haikufika. Karibu mwaka wa giza kwa kazi ya nusu saa! Ukitoka kwetu unafika bustani ya Forodhani kwa miguu bila ya kutoka jasho, na pale tangu bustani ilipofunguliwa upya 2009 taa zinawaka na njia zinafagiwa. Nafurahi kuiona hivyo. Ila wanaoulinda mji huu kwa kukaa ndani yake wako huku nyuma vichochoroni, na wao pia wana haki ya kuona wanapokanyaga.

Tangu taa iwake hatujasikia uporaji kiwanjani. Mzee wa kahawa amesogeza meza yake chini ya taa, na watoto wanaotoka chuo cha Kurani baada ya Magharibi hawapitii tena njia ya mzunguko.

Kilichobaki ni kifusi. Nyumba ya pembeni iliporomoka upande mmoja wakati wa masika, warithi wake wametawanyika, na mawe hayaguswi ovyo kwa sababu ni jengo la hifadhi. Tangu Beit al Ajaib, jumba kubwa la kale hapa Mji Mkongwe, ilipoanguka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili, kila ukuta unaotuna sisi tunautazama kwa khofu. Kwa sasa tumezungushia kamba na mabati ya zamani watoto wasiingie, na wale vijana sita wanawafukuza wakisogea. Barua nimeshaiandika, kwa mtindo uleule, saini ishirini na tano mara hii. Muhuri mmoja umepatikana. Jumatatu nakwenda kuufuata wa pili.