Rangi Nne za Vanadiamu

Mpaka siku ile, chaji za ioni kwangu zilikuwa kama shairi la kukariri. Kundi la kwanza moja chanya, la pili mbili chanya, alumini tatu chanya. Ukirukia upande wa kulia, halojeni moja hasi, oksijeni na salfa mbili hasi, nitrojeni tatu hasi, na gesi adimu hazina kitu. Nililijua lote, maana mtihani ulilitaka. Katikati ya jedwali, kuanzia skandiamu hadi zinki, daftari langu lilikuwa na orodha kavu: chuma mbili au tatu, shaba moja au mbili, zinki mbili. Sababu haikuandikwa popote, nasi tulikwisha kuzoea kutoiuliza.

Mwalimu wetu wa kemia aliingia maabara na flaski mbili zenye maji ya njano iliyoiva. Alisema ni amoniamu vanadeti iliyoyeyushwa katika asidi salfuriki, akaziweka mezani mbele ya karatasi nyeupe ili rangi ionekane vizuri. Kisha akauliza vanadiamu iliyomo ina chaji ngapi. Elementi hiyo haikuwemo kwenye orodha yetu, kwa hiyo kimya kikatanda, hadi mwenzangu wa mezani alipoinua mkono.

"Tano, Mwalimu? Nimehesabu kutoka kushoto, ni ya tano."

"Umehesabu vyema. Ila usifikiri kuna ioni ya chaji tano inayoelea humo peke yake."

Akaeleza kwamba chaji kubwa namna ile ikikaa kwenye chembe ndogo huvuta mno elektroni za maji yanayoizunguka. Ndiyo maana vanadiamu hiyo hukaa imeshikana na oksijeni mbili, na kundi zima la atomi tatu hubaki na chaji moja chanya tu. Tano ni namba ya oksidisho, yaani hesabu tunayompa vanadiamu baada ya kuwaachia oksijeni elektroni zote za pamoja. Mpaka leo naona tofauti hii inapitwa haraka sana madarasani. Ioni ya sodiamu yenye chaji moja ni kitu halisi kilichozungukwa na maji. Vanadiamu "tano" ni hesabu. Anayezichanganya atapata taabu baadaye, kila atakapokutana na manganizi saba au kromiamu sita.

Ndipo akatia chembechembe za zinki katika flaski ya kwanza, akaziba mdomo wake kwa pamba, akaanza kuizungusha taratibu. Viputo vya haidrojeni vilipanda. Kwa muda hapakuwa na jipya. Halafu njano ikaanza kuchafuka, ikawa kijani ya majani machanga. Mmoja wetu akaandika "kijani" kwenye daftari, na Mwalimu akamwambia asubiri: hiyo si rangi mpya, ni njano iliyobaki ikichanganyika na buluu inayozaliwa. Kweli, haikuchukua muda njano ikaisha yote, tukabaki na buluu safi. Vanadiamu nne. Akaendelea kuzungusha. Buluu ikafifia ikaelekea kijani tena, safari hii kijani nzito, isiyo na njano ndani yake. Vanadiamu tatu. Hapo alilazimika kungoja kidogo, akaongeza zinki, mpaka kijani ile ikazama na kutoka urujuani. Vanadiamu mbili.

Tulikuwa tumesogea hadi mbele, viti vyote vitupu. Elementi moja ilikuwa imepita chaji nne mbele ya macho yetu, ikipokea elektroni moja kila hatua, na zinki ndiyo iliyozitoa. Zinki yenyewe ilikuwa ikiingia majini kama ioni ya chaji mbili isiyo na rangi yoyote, na haikuonyesha dalili ya kutaka chaji nyingine.

Flaski ya pili ilitiwa bati, ikapashwa moto kidogo. Ilipita njia ileile: njano, buluu, kijani. Ikaishia hapo. Mwalimu aliizungusha, akaipasha tena, kijani ikabaki kijani. Akaandika ubaoni namba tatu za kupima nguvu ya kutoa elektroni, ambapo hasi kubwa zaidi ndiyo nguvu zaidi: bati hasi 0.14 volti, vanadiamu kutoka tatu kwenda mbili hasi 0.26, zinki hasi 0.76. Bati haina nguvu ya kumsukumia vanadiamu tatu elektroni nyingine, zinki inayo. Sijawahi kuona tarakimu za ubaoni zikijithibitisha waziwazi namna ile, flaski ya urujuani na ya kijani zikiwa zimesimama bega kwa bega.

Swali lililofuata lilikuwa langu. Niliuliza kwa nini sodiamu haifanyi hivyo, kwa nini yeye ana chaji moja tu maisha yake yote. Nilitegemea jibu tulilozoea, kwamba sodiamu inataka kufanana na gesi adimu. Mwalimu hakulitumia. Alisema atomi haitaki kitu, akaandika gharama za kung'oa elektroni moja baada ya nyingine, kwa kilojuli kwa moli. Sodiamu: 496, kisha 4,562. Magnesiamu: 738, 1,451, kisha 7,733. Akatuachia tuzitazame.

Mruko ule hauhitaji maelezo marefu. Elektroni ya kwanza ya sodiamu iko nje peke yake. Ya pili iko tabaka la ndani, karibu na kiini, na bei yake ni zaidi ya mara tisa. Magnesiamu ana mbili za nje, ndipo ukuta unakuja. Lakini hata ile 496 ya kwanza ni gharama, si zawadi, na hapa ndipo Mwalimu alipokaa muda mrefu kuliko pengine popote. Klorini ikiipokea elektroni hiyo inarudisha 349 tu. Biashara ina hasara! Kinachoilipa ni ioni zenyewe zikikusanyika kuwa kristali ya chumvi, chanya ikizungukwa na hasi pande zote: hapo hutoka takriban 787. Kwa hiyo chaji ya ioni haiamuliwi na atomi moja ikiwa peke yake. Ni mizania ya kinachotumika kung'oa na kinachorudi ioni zinapokumbatiana, au zinapozungukwa na maji. Magnesiamu angeweza kuishia chaji moja kwa gharama ndogo, ila kwa kulipa 1,451 zaidi anapata kristali inayorudisha faida kubwa mno kuliko hiyo. Oksijeni nayo hivyohivyo: elektroni ya pili inabidi isukumwe kwa nguvu, maana ya kwanza imekwisha kuifanya hasi, na bado chaji mbili hasi ndiyo tunayoikuta, kwa kuwa kristali ya oksidi ya magnesiamu inarudisha karibu 3,800.

Niliyaandika haya haraka huku nikijisikia nimepewa funguo za nyumba niliyokuwa nikiizunguka kwa nje.

Kisha akarudi kwa vanadiamu: 651, 1,414, 2,830, 4,507, 6,299, halafu 12,363. Tukaona sote. Hatua zinapanda polepole, hakuna ukuta mpaka baada ya ya tano. Elektroni mbili za nje na tatu za tabaka la d, lililo ndani yake kidogo tu, zinakaribiana kwa nishati, ndiyo maana mazingira kidogo tu, zinki badala ya bati, asidi, hewa, yanatosha kubadili chaji. Na ukuta wa mwisho unaeleza kwa nini hakuna vanadiamu sita. Kanuni ileile ya sodiamu, ila ukuta umesogea mbali na njia ya kuufikia ina vituo.

Alitugusia pia kuwa elementi hii iligunduliwa mara mbili. Andrés Manuel del Río aliipata Mexico mwaka 1801, akashangazwa na rangi za chumvi zake, halafu akashawishiwa kuwa ni kromiamu tu, akaliacha dai lake. Nils Gabriel Sefström akaipata upya Uswidi mwaka 1830. Nilimwonea uchungu del Río, na bado namwonea: rangi zile zilikuwa ushahidi wa kutosha.

Kabla ya kipindi kuisha, Mwalimu aliichuja urujuani kuondoa zinki iliyobaki, akaanza kudondoshea pamanganeti ya potasiamu, ambayo hunyang'anya elektroni. Kila tone liliingia zambarau na kupotea. Urujuani ikarudi kijani, kijani ikarudi buluu, na mwisho njano ileile tuliyoanza nayo.

Akatuachia kazi. Tupande mstari ule kuanzia skandiamu na kuandika namba kubwa zaidi ambayo kila mmoja huifikia: skandiamu tatu, titaniamu nne, vanadiamu tano, kromiamu sita, manganizi saba. Halafu tueleze kwa nini chuma, mwenye elektroni nane za nje na za d, hafiki nane, bali kwa kawaida hukaa kwenye mbili au tatu. Mimi na mwenzangu tulibaki mezani tukibishana. Yeye alishika kwamba kiini kinaongeza protoni kila hatua na kuzivuta elektroni za d ndani zaidi, kwa hiyo zinazidi kuwa ghali. Tulitafuta gharama za chuma kitabuni: 762, 1,562, 2,957, 5,290. Kutoka ya tatu kwenda ya nne inapanda kwa zaidi ya 2,300, wakati kwa vanadiamu hatua hiyohiyo inapanda kwa chini ya 1,700. Tukaliandika jibu lake, tukaanza kutafuta namba za kobalti.