Mashine inaniuliza C, G, D, F

"Kaka, mashine inaniuliza C, G, D, F. Nijibu nini?" Simu ya karani wetu wa ghala, Kurasini, nilishaizoea. Kabla sijamjibu, yeye ameshabonyeza C, yaani katisha, programu imekufa, na huko nje dereva wa lori anapiga honi.

Mfumo wetu umeandikwa kwa lugha ya RPG kwenye IBM i, mfumo endeshi wa kompyuta za IBM, skrini zile za kijani za mistari 24. Programu iliita QUSROBJD, API (huduma ya mfumo ambayo programu huiita) inayoleta maelezo ya faili, kuhakiki kama faili la mwezi lipo. Aliyenitangulia aliweka sifuri mwanzoni mwa muundo wa makosa, pale unapotaja baiti ulizotenga. Ukiweka sifuri, API hairudishi kosa, inalirusha. Hakuna aliyelidaka, basi RNQ0202, ujumbe wenye lile swali la C, G, D, F, ikamwangukia karani wa watu.

Nikatenga baiti 272. Sasa kosa linarudi kimyakimya: baiti zilizopatikana zikizidi sifuri, kuna jambo. Kuanzia baiti ya 9 unakuta namba ya kosa, kwetu CPF9801 (kitu hakikupatikana), na kuanzia ya 17 data yake. Nikavituma vyote kwa QMHSNDPM, API ya kutuma ujumbe, vitokee mstari wa 24, kwenye sabfaili ya ujumbe, yaani orodha ya ujumbe ndani ya skrini.

Hakikutokea kitu. Nilikagua maneno yanayoieleza sabfaili hiyo, SFLMSGRCD, SFLMSGKEY na SFLPGMQ, mpaka chai ikapoa, na zote zilikuwa sawa. Kumbe QMHSNDPM nilikuwa nimeifungia ndani ya proseja (kipande cha programu kinachoitwa na kingine) yangu ndogo, na kihesabu cha miito, kinachosema ujumbe urudi nyuma hatua ngapi, nimekiacha 0. Ujumbe ulikuwa unaingia foleni ya proseja hiyo hiyo, ambayo ilishamaliza kazi kabla skrini haijachorwa. Nikaandika 1, uende kwa aliyeiita. Tarakimu moja, mchana mzima!

Ujumbe wa zamani nao ukaanza kurundikana. Huo niliufagia kwa QMHRMVPM, API ya kufuta ujumbe, na *ALL (wote) kila baada ya EXFMT, amri inayoonyesha skrini na kusubiri jibu.

Ila maandishi ya CPF9801 ni Kiingereza cha mafundi. Nikatengeneza faili letu la ujumbe kwa amri ya CRTMSGF, nikaongeza ujumbe kwa amri ya ADDMSGD: "Faili la mwezi huu halijafunguliwa." Karani akiweka kishale juu ya mstari huo na kubonyeza F1, anasoma maelezo ya pili: "Mpigie mhasibu afungue mwezi."

Siku hizi mhasibu ndiye anayelalamika kuhusu simu.