Jioni Tuliyohojiwa na Vijana

Tulioitwa kwenye usaili wa kujitolea katika kituo cha vijana wasio na pa kulala tulikuwa watu wachache, tumekaa ukumbini kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na fomu yake mapajani. Nilitarajia kuhojiwa na msimamizi wa kituo. Alikuwepo, lakini alikaa pembeni kabisa, karibu na dirisha. Kwenye meza ya mbele walikuwa vijana wawili: binti mwenye daftari alilolifunga ndani ya mfuko wa nailoni, na kijana wa kiume aliyevaa kofia ya sufu iliyomfunika mpaka kwenye nyusi. Wote wawili walikuwa wakilala pale kituoni.

"Hawa ndio mtakaoshinda nao," msimamizi alisema, "kwa hiyo wao ndio watakaowauliza." Akataja Mkataba wa Haki za Mtoto, ule uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, ibara ya 12: mtoto ana haki ya kutoa maoni yake katika kila jambo linalomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Ibara hiyo niliwahi kuisoma. Kuiona ikitekelezwa, tena mimi nikiwa ndiye wa kuhojiwa, ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Swali la kwanza lilikuwa lile lile kwa wote: umekuja kwa nini? La pili lilitokana na jibu lako mwenyewe, na hilo ndilo lililotutoa jasho.

Alianza mzee mmoja mstaafu. Alisema imani yake inamtaka amsitiri asiye na pa kulala. Binti aliandika, kisha akauliza kwa adabu: "Baba, na mtu asiyetaka kusali utakaa naye?" Mzee alinyamaza kidogo. "Huyo hasa," akasema. Binti akaandika tena.

Akafuata mwanafunzi wa ustawi wa jamii. Hakuzunguka: alihitaji uzoefu ili apate kazi. Baadhi yetu tuliguna. Kijana wa kofia yeye hakuguna. Alimuuliza, "Ukishaipata hiyo kazi?" Mwanafunzi akajibu, "Nitaacha. Ila nitawaambia mwezi mmoja kabla." Kijana akaitikia kwa kichwa, na nadhani hakuna jibu lililompendeza kama hilo jioni nzima. Baadaye nilielewa sababu. Kijana aliyeondokewa na watu bila kuambiwa humuogopa mgeni mkarimu asiyejulikana ataondoka lini kuliko anavyomuogopa mtu mkali.

Kisha mama mmoja, kwa sauti ya upole kweli, alisema anawahurumia watoto waliokimbia makwao.

"Mama, si wote tuliokimbia," kijana alimkatiza. Akaanza kueleza, bila hasira, huku akigusa vidole vyake kimoja kimoja. Yupo aliyefukuzwa baada ya mzazi kuoa tena. Yupo aliyefiwa, ndugu wakagawana nyumba, yeye hakugawiwa chumba. Yupo aliyekulia kwenye makao ya watoto, akafikisha miaka 18, makao yakamuaga. Yupo aliyelala kwa rafiki huyu, kesho kwa yule, mpaka marafiki wakaisha, na muda wote huo akihesabiwa ana pa kulala. Akamalizia na jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka hutazama miguu ya watu: siku za mwanzo kituoni alilala amevaa viatu, kamba zimefungwa mafundo mawili, kwa sababu nje kiatu kilichovuliwa usiku hukikuti asubuhi. Hakuna aliyemwambia avue. Siku alipovua mwenyewe, mhudumu wa zamu aliona, akapita kama hajaona.

Mama yule alifuta machozi, akasema, "Basi nimekuja kujifunza." Binti akamwambia jibu hilo analiandika badala ya lile la kwanza.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri kuhusu wajibu wa jamii, na ninayaamini mpaka leo, lakini mbele ya lile daftari niliona niseme lililonitoa nyumbani hasa. Nilisema mama yangu alifariki, na tangu hapo jioni zangu zilikuwa ndefu. Nilikuwa nimemuuguza muda mrefu. Mikono yangu ilizoea kuhitajika, sasa haikuwa na kazi.

Binti aliniangalia. "Dada, upweke huo ukiisha?"

"Sijui kama utaisha," nilisema. "Ukiisha nikataka kuondoka, nitakuja kukuaga wewe."

Hakutabasamu. Aliandika mstari mrefu, na ningetoa chochote kuusoma.

Tulipopumzika nilimfuata msimamizi, nikamuuliza kama sababu kama yangu haiharibu kazi. Aliniambia jambo ambalo baadaye nililitafuta na kulikuta kama alivyolisema. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani, Allen Omoto na Mark Snyder, walichapisha utafiti kuhusu watu waliojitolea kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI. Waliodumu zaidi walikuwa wale waliokuwa pia na haja zao wenyewe: kujielewa, kukua, kujisikia wana thamani. Huruma kwa wengine peke yake haikutosha kueleza nani angebaki. "Mimi simkatai mtu kwa sababu anapata kitu hapa," msimamizi alisema. "Namkataa anayetaka vijana wamlipe kwa shukrani." Ndiyo maana pia kituo kilipiga marufuku picha. Wapo wanaofika mara moja na zawadi na kamera, na kijana akajikuta kwenye simu za watu asiowajua, akiwa katika hali ambayo hangependa mwajiri wake wa kesho aione. Hilo mimi huliita wizi.

Wa mwisho alikuwa mwanamume wa makamo aliyekaa nyuma muda wote. Alisema, "Nililala nje nikiwa na umri wenu." Ukumbi ulitulia. Niliona hapo usaili umekwisha, nani angemkataa? Mwanasaikolojia Ervin Staub, ambaye akiwa mtoto wa Kiyahudi nchini Hungaria alinusurika mauaji ya Wanazi, tena kwa msaada wa mtumishi wa nyumbani kwao aliyehatarisha maisha yake, ameandika mengi juu ya wema unaozaliwa na mateso. Anaonyesha kwamba aliyeumizwa anaweza kuwa mwepesi wa kusaidia, hasa kama naye aliwahi kupata wa kumshika mkono na muda wa kupona.

Vijana wale waliulizia hicho hicho kwa njia yao. Kijana wa kofia aliegemea meza. "Kaka, usiku kuna wanaolia. Ukisikia, utaweza kukaa?"

Yule mwanamume alifungua mdomo, akaufunga. Akatazama sakafu. "Sijui," alisema. "Nafikiri siku nyingine nitaweza, nyingine sitaweza."

Binti na kijana walinong'onezana kwa muda mrefu kuliko walivyofanya kwa yeyote kati yetu. Kisha binti akasoma kutoka kwenye daftari lake. Mzee, zamu za asubuhi. Mwanafunzi, dawati la kusaidia kutafuta vitambulisho na vyeti vilivyopotea. Mama, kwanza mafunzo yote, halafu ndipo atapangiwa. Mimi, Ijumaa jioni. Na yule kaka, zamu za mchana tu kwa kuanzia, asiwe peke yake, na kila mwisho wa zamu apite kwa msimamizi waongee. "Si kwamba hatukuamini," binti alimwambia. "Tunataka ukae."

Alisaini fomu yake pale pale, amesimama.