Betri Haikuwa na Kosa: Hitilafu ya Umeme kwenye Boti ya Mjomba

Boti ya mjomba wangu ni ya mbao, hubeba dagaa na mizigo mingine kutoka Ukerewe hadi mwalo wa Kirumba hapa Mwanza, na mara nyingi husafiri usiku ili ifike kabla wanunuzi hawajajaa. Mwezi uliopita taa yake ya mbele ilianza kufifia kila pampu ya kutoa maji ilipowashwa. Baada ya safari chache pampu yenyewe ikawa inazunguka kwa kujikokota, mpaka vijana wakarudia kuchota maji kwa kopo. Anayelijua ziwa letu anaelewa hatari yake: boti isiyo na taa haionwi na boti nyingine, na njia ya kuingilia Mwanza imejaa miamba.

Fundi wa kwanza alishauri betri ibadilishwe, na ikabadilishwa. Taa ikawaka vizuri siku mbili, kisha ikarudi kufifia vilevile. "Mpwa wangu, betri hii nimeinunua juzi tu," mjomba aliniambia kwa uchungu, na nilimwelewa, kwa sababu bei ya betri si mchezo kwa mtu anayeishi kwa nauli ya magunia.

Nilikwenda na mita ya kupimia umeme. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6, kiwango cha betri ya volti 12 iliyojaa. Nikaomba pampu iwashwe, nikapima tena palepale kwenye vichwa vya betri, nikapata 12.3. Betri inayobaki hapo huku ikitoa ampea 5 haina kosa lolote. Nikachomoa waya za pampu na kupima mwishoni mwake, nikapata volti 12.5. Nadhani kipimo hiki ndicho kilichompoteza fundi aliyenitangulia, kwa kuwa aliona umeme unafika akahitimisha kwamba njia ni nzima. Lakini kiungo kibovu cha waya hakipunguzi volti kama hakuna mkondo unaopita ndani yake. Ubovu wake huonekana pale tu kifaa kinapowashwa. Nilipozirudisha waya na kuiwasha pampu, pale kwenye pampu nilisoma volti 9.4.

Volti 2.9 zilikuwa zinapotea njiani, na swali likawa ni njiani wapi. Nikaweka sindano moja ya mita kwenye kichwa chanya cha betri na ya pili kwenye waya chanya wa pampu, pampu ikiendelea kuzunguka: 0.4. Upande wa hasi, kwa namna hiyohiyo: 2.5. Watu wengi hufuatilia waya chanya peke yake kana kwamba umeme hauna haja ya kurudi, ilhali waya wa kurudi una kazi sawasawa na wa kwenda. Tena katika boti hii taa na pampu zilikuwa zinatumia waya mmoja wa kurudi, na hapo ndipo ilipoeleweka kwa nini pampu ikiwaka taa inafifia.

Tuliinua mbao za sakafu karibu na tezi, yaani nyuma ya boti. Kiungo kilikuwa kimelala kwenye tope la maji na magamba ya dagaa, kimeviringishiwa tepu iliyogeuka ulimbo mweusi unaonata. Nilipokigusa kilikuwa na joto, na sindano za mita zikiwa upande huu na huu wa tepu zilisoma volti 2.1, yaani zaidi ya wati 10 zilikuwa zinateketea pale, chini ya mbao. Ndani ya tepu waya zilikuwa zimesokotwa tu kwa mkono, shaba imekuwa unga wa kijani, na nyuzi zilizobaki zikishikana hazikuzidi nne. Nilikata waya kidogo kidogo nikitafuta shaba nyekundu, na weusi ulikuwa umepanda ndani ya ganda karibu shubiri nzima. Husemwa kwamba maji ya ziwa hayana chumvi na kwa hiyo hayali waya. Ni kweli yanakula polepole kuliko ya bahari, lakini yanakula.

Sikuunga upya mahali pale. Tulivuta waya mpya wa nyuzi nyingi, wa milimita za mraba 4 badala ya 1.5, tukaupitisha juu ya maji, na kila kifaa kikapata waya wake wa kurudi. Miisho niliibana kwa plaizi maalumu, bila kulehemu kwa risasi, maana waya uliolehemewa hukatika pale risasi inapoishia kwa mtikisiko wa injini. Waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mnene nao nauona haufai botini kwa sababu hiyohiyo. Fyuzi haikuwepo kabisa. Niliiweka upande chanya, karibu na betri kadiri ilivyowezekana, kwa kuwa waya wote ulio kati ya betri na fyuzi hauna kinga pakitokea shoti.

Pampu sasa inapata volti 12 kamili ikiwa inafanya kazi. Betri ya zamani, iliyokuwa imetupwa stoo, niliichaji usiku kucha na kuiacha itulie hadi jioni, ilisoma 12.7, ikaendesha pampu nusu saa bila kulegea, na mjomba ameifunga nyuma ya boti kuwa ya akiba.