Kabla ya kumwaga faiba kwenye hopa

Polipropilini ya kawaida, ile plastiki ya ndoo na beseni, huyeyuka karibu nyuzi 165 za selsiasi, lakini hulegea mapema sana kabla ya hapo. Ukiibebesha mzigo wa maana, kwenye nyuzi 60 hivi tayari inapinda, na chuma kilichoanikwa juani Shimanzi, Mombasa, saa nane mchana kinaweza kukaribia joto hilo. Anayetaka kuitumia kwa mabano ya paneli za sola, roli za mkanda au impela ya pampu ya kisima lazima aiongezee kitu. Kitu gani? Angalia kwanza kitakachokiua kile kipande: mzigo, jua, msuguano au maji. Kinachoua mabano juu ya paa sicho kinachoua bushi ya boti, na kila kiongezi hutoa huku kikichukua.

Kwa mzigo na joto, dawa ni nyuzi za kioo, faiba kwa lugha ya karakana. Asilimia 30 kwa uzito huongeza ukakamavu wa polipropilini mara nne hivi, na joto la kupinda, lile la nyuzi 60, hupanda kupita 130. Tatizo ni kwamba kioo na polipropilini havishikani. Panahitajika kiunganishi, yaani polipropilini iliyopandikizwa anhidridi ya maleiki, asilimia 1 hadi 3. Vunja kipande ukitazame kwa hadubini: kama hakuna kiunganishi, nyuzi zimechomoka zikiwa safi, na upande wa pili zimeacha vitundu. Kama kipo, zimekatika zikiwa bado zimevaa plastiki.

Usimwage nyuzi kavu kwa mkono. Zinawasha ngozi, zinaruka hewani na kuziba koo la hopa, ile faneli ya mashine inakomwagwa plastiki. Nunua punje zilizokolezwa, zenye asilimia 60 ya kioo. Kwa mchanganyiko wa kilo 10 pima kilo 5 za punje hizo, kilo 4.5 za polipropilini tupu, na gramu 500 za mastabachi nyeusi, yaani punje za plastiki zenye rangi iliyokolezwa. Kiunganishi huwa kimo ndani ya zile punje, lakini muulize muuzaji na umtake karatasi ya vipimo.

Sasa mashine ya kusindilia plastiki kwenye kalibu. Nguvu ya faiba imo katika urefu wake, na skrubu inayoyeyusha na kusukuma plastiki ndiyo adui. Ukiizungusha kwa kasi na kuweka shinikizo kubwa la nyuma (lile linaloizuia skrubu isirudi nyuma upesi), nyuzi zinasagwa zinakuwa vumbi. Kipande kitatoka kinang'aa, kitapasuka siku ya kazi. Shinikizo la nyuma liwe dogo kadiri mashine inavyokubali, mzunguko wa polepole, joto 220 hadi 240, na mlango wa kalibu, pale plastiki inapoingilia, uwe mpana. Nyuzi hulala kufuata mtiririko, kwa hiyo kipande husinyaa kidogo kwa urefu na zaidi kwa upana, kisha kinapinda. Pale mikondo miwili inapokutana nyuzi hazivuki, na nguvu yaweza kushuka kwa nusu au zaidi. Hamisha mlango ili mshono huo usiangukie kwenye tundu la bolti. Hili nalisisitiza kwa sababu hakuna kiongezi kinachoweza kulirekebisha.

Zile gramu 500 nyeusi ni za jua. Mastabachi yenye asilimia 40 ya kaboni nyeusi hukupa asilimia 2 kamili, na mabomba ya maji ya polietilini nayo hutakiwa kuwa na asilimia 2 hadi 2.5. Lakini weusi si ushahidi. Kaboni iliyoganda madonge hailindi kitu. Kata unyoya mwembamba kwa wembe, uubane kati ya vioo viwili, uelekeze kwenye mwanga. Ukiona michirizi na madoadoa, haikuchanganyika. Anayetaka rangi nyingine atumie vidhibiti vya mwanga vya jamii ya amini, asilimia 0.2 hadi 0.5, ila asivichanganye na vizuia-moto vya bromini: asidi inayotoka huko huviua.

Kwenye msuguano watu hukimbilia nailoni yenye faiba, na hapo wanakosea. Kioo hukwangua shafti. Nailoni yenye asilimia 1 hadi 2 ya molibdeni disulfaidi (unga mweusi wa kulainisha), au yenye PTFE (plastiki ya kupaka sufuria zisizogandisha) asilimia 10 hadi 20, inafaa zaidi. Ndani ya maji ni habari nyingine: nailoni 6 hunywa hadi asilimia 9 ya uzito wake, inavimba, na bushi inaibana shafti. Hapo weka asetali, plastiki ngumu inayonywa maji kidogo tu, uachane na viongezi.

Na nailoni lazima ikaushwe. Ukaushaji wa hewa moto peke yake hautoshi Mombasa, kwa sababu hewa unayoipasha moto tayari imebeba maji mengi. Tumia kikaushio chenye dawa ya kunyonya unyevu, kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewa huanza kuganda) nyuzi 30 chini ya sifuri, joto 80, saa nne au zaidi, hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 0.2. Ukipandisha joto zaidi ili kuharakisha, punje zinageuka manjano. Punje zenye maji hujitangaza: mdomo wa mashine unatoa povu, na kipande kina michirizi ya fedha. Usikisage ukirudishe ukidhani kukausha kutakiponya, maana maji yameshakata minyororo ya molekuli.

Kuna majaribio mawili ya bei nafuu ya kumkagua muuzaji. Polipropilini tupu huelea, uzito wake ni 0.9 wa maji. Yenye faiba asilimia 30 ni 1.12, inazama hata baharini. Kipande kikizama, pima gramu 10, kichome kwenye tanuri la nyuzi 600, chini ya bomba la kutolea moshi, hadi weusi wote uishe. Kinachobaki ni kioo cheupe, na lazima kiwe gramu 3. Kikiwa unga laini unaoteleza vidoleni, bila nyuzi hata moja, umeuziwa talki, unga wa jiwe laini.