Nilivyolimudu neno "electroencephalographic"

Ukiambiwa neno refu la kisayansi la Kiingereza "likariri tu", usisikilize. Nilipangiwa kuwasilisha darasani mada ya kipimo cha umeme wa ubongo kwa wagonjwa wa kifafa, na karibu kila slaidi ilikuwa na electroencephalographic. Mmoja akanishauri nilipitishe harakaharaka, eti hakuna atakayegundua. Mwingine akanikatia vipande kwa penseli kuanzia herufi ya kwanza. Nikifuata vipande vyake, nikifika "en-sef" pumzi imekwisha na mkazo sijui niuweke wapi. Ushauri wa hivyo unapoteza muda wa mtu.

Kilichonifaa ni kuanzia mkiani. Kivumishi cha Kiingereza kinachoishia na -ic kwa kawaida huwa na mkazo kwenye silabi inayoitangulia hiyo -ic, yaani ya pili kutoka mwisho. Si ndiyo kanuni yetu? Tunasema mwaLImu, kiTAbu, bila kufundishwa na mtu. Basi nikaanza: GRAF-ik. Kisha lo-GRAF-ik, a-lo-GRAF-ik, sef-a-lo-GRAF-ik, narudi nyuma hivyo hivyo mpaka zikatimia silabi tisa: i-lek-tro-en-sef-a-lo-GRAF-ik, na mikazo midogo kwenye lek na sef. Raha yake ni kwamba kila ukisonga mbele unaelekea sehemu uliyokwisha kuizoea.

Mtego uko kwenye k ya mwisho. Ulimi wetu unapenda kumalizia na irabu. Ukisema "grafiki" umeongeza silabi, na mkazo unahamia kwenye fi papo hapo. Ishia kwenye k, basi.

Maana niliichambua kwenye karatasi nyingine, kwa sababu viungo vya neno havikatiki pale silabi zinapokatika. Electro ni umeme, kutoka jina la Kigiriki la kaharabu. En ni ndani, kephale ni kichwa. Kilichomo kichwani ni ubongo. Graph ni kuandika, na ile o kati ya encephal na graph ni gundi tu. Kwa maana, l ni mali ya encephal; kwa matamshi, imeungana na o ikawa "lo". Hans Berger, Mjerumani aliyetangaza kipimo hiki mwaka 1929, alifanya hasa hicho neno linachosema: aliandika umeme wa ubongo.

Siku ya kuwasilisha nililitamka kila lilipotokea, bila kusita hata mara moja. Baadaye wenzangu wakaniletea electrocardiographic, la kipimo cha umeme wa moyo, nikalishika mkiani vilevile. Ikiongezwa -al, mkazo haubanduki kwenye graph. Jihadharini tu na Arabic na Catholic: hayo hayafuati kanuni ya -ic, mkazo wake uko mwanzoni.